Nyumba Alimokula Msaka Vipaji

Kwangu alikuwa hali chakula. Nianze na hilo, maana wenzangu wakimkumbuka yule mzee huanza na macho yake, au na ule mto wake wa kukalia, au na vijana aliowapeleka kwenye timu kubwa. Mimi naanza na chakula changu kilichorudi nyumbani bado cha moto. Nilikuwa na wivu, na sitaki kuzungukazunguka. Nilizionea wivu nyumba zote za mtaa wetu wa Xiaobei ambamo yule mzee aliwahi kunawa mikono.

Kazi yake ilikuwa kusaka vipaji vya hoki ya barafu. Najua nikisema hivyo nyumbani Moshi watu wananitazama kama nimechanganyikiwa. Hata mimi nilipokuja Guangzhou kutafuta nguo na simu za kupeleka Kariakoo sikujua kama kuna mchezo wa namna hiyo. Vijana wanavaa viatu vyenye chuma chini, wanateleza kwenye barafu wakigombea kisahani cheusi kwa fimbo zilizopinda, na wanabamizana ukutani hadi mzazi unajishika kifua. Mji huu una joto la kukuvua ngozi, kwa hiyo viwanja vyenyewe viko ndani ya majengo ya maduka. Mwanangu Elia aliingia kwenye kimoja akiwa mdogo, siku niliyokuwa namngoja laoban mmoja, bosi wa kiwanda cha mashati, aniletee sampuli. Timu ya watoto ilikuwa na upungufu wa watu. Wakamwazima viatu, wakamweka winga ya kushoto, na tangu siku hiyo hakutoka tena.

Mzee alikuwa Mkenya. Masomo ndiyo yaliyomleta China ujanani, huko Harbin kwenye baridi, akaacha vitabu akashika fimbo. Mimi nilimkuta tayari ana mvi. Klabu moja ya kulipwa ya kaskazini ilimtuma azunguke kusini yote kutazama vijana. Ligi yao ina siku moja kila mwaka wanaiita drafti: timu zinakaa pamoja na kuchagua vijana kwa zamu, na wanachukua hata mgeni ilimradi amekulia kwenye viwanja vya hapa. Kijana akitajwa, anapanda ndege. Asipotajwa, anatafuta kazi nyingine. Mzee ndiye aliyewaandikia wale wakubwa wa klabu nani wamtaje na nani wamwache. Basi fikiria: maisha ya Elia yako kwenye kalamu ya mtu asiyetaka hata chai yangu.

Vijana walimwita Kocha, ingawa hakuwahi kumfundisha mtu. Sisi wazazi tulimwita Mzee.

Alikuwa na namna yake ya kutazama. Wazazi tuligombea viti vya katikati, panapoonekana vizuri. Yeye alikwenda kona ya nyuma ya goli, mahali ambapo kioo kimekwaruzwa na fimbo mpaka huoni vizuri, akaweka mto wake, akakaa. Goli likifungwa sisi tunaruka, yeye hata hageuzi shingo. Siku moja nilijikaza nikaenda kukaa karibu naye, na bahati nzuri Elia akafunga.

"Mzee, umeona?"

"Nini?"

"Elia amefunga."

"Ah. Nilikuwa namcheki huyo wa kumi na saba."

"Huyo si yuko benchi?"

"Eeh. Hebu angalia vile amekaa."

Nikaangalia. Mtoto wa Kichina, mwembamba, alikuwa amesogea kumpisha mwenzake aliyetoka uwanjani akihema, na kabla hajanywa maji yake akampa yule kwanza. Ni hayo tu.

"Huyu ukimpeleka kaskazini," Mzee akasema, "akae mwaka mzima bila kucheza, hatavunjika. Goli hata mimi naweza kufunga."

Roho iliniuma, wacha nikwambie. Mwanangu amefunga, uwanja mzima unapiga makofi, na mtu anayetakiwa kuona anamsifia mtoto aliyekaa. Nilikwenda nyumbani nikiwa na wivu na benchi.

Mengine aliyokuwa akiyatazama yalinifanya nione aibu. Aliangalia viganja vya akina mama na mabega ya akina baba apate kujua mtoto atafika wapi. Aliangalia nani anaokota visahani baada ya mazoezi bila kuambiwa. Aliangalia hata midomo yetu tukipiga kelele jukwaani, akasema mzazi anayemtukana refa anamfundisha mwanawe kumtafuta mchawi. Mimi aliniuliza baba yake Elia anavaa kiatu namba ngapi. Yule bwana alituacha zamani akarudi kwa watu wake, na namba ya kiatu chake naikumbuka mpaka leo, lakini nikajibu, "Sikumbuki." Mzee hakunibishia. Alimwita Elia, akamshika kifundo cha mkono kama mtu anayechagua muhogo sokoni, akasema, "Huyu bado ataongezeka." Maneno hayo matatu nililala nayo na kuamka nayo muda mrefu. Nikimfungia mteja mzigo wake pale kwenye jengo la maduka la Tianxiu, nacheka peke yangu.

Alikuwa na vituko vyake pia. Maisha yake yote yalikuwa barafuni na alichukia baridi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alivaa sweta juu ya sweta, soksi za sufu, halafu analalamika tangu anaingia mpaka anatoka. Akishatoka nje kwenye jua anaanza kulalamikia joto. Aliwaambia wazazi wasikubali mtoto aache shule, yeye aliyeacha. Alisema urefu si kitu, na hapo hapo alikuwa na alama za kalamu kwenye mlango wa stoo ya uwanja, kila kijana na kimo chake. Kwenye karata alikuwa mwizi wa wazi. Ukimkamata anasema, "Nilikuwa nakupima kama uko macho."

Lakini kituko chake kikubwa kilikuwa hiki: kalamu yake ilikuwa kali na mdomo wake ulikuwa mwoga. Makocha wa pale uwanjani walituambia jinsi alivyokuwa akiandika. Mstari mmoja: mzito kugeuka, hafai. Amemaliza, anageuza karatasi. Ila umkamate mlangoni umwulize, "Mzee, vipi mwanangu?", anaanza kuhangaika na zipu ya koti. "Tutaona, mama. Bado mapema." Kuna kijana alikuwa na ndevu kabisa, anaambiwa bado mapema.

Basi mimi nikasema mtu huyu lazima nimpate kwa chakula. Kwetu mgeni akila kwako mmeshakuwa watu, na mtu wenu hawezi kuwatupa. Nilitafuta ndizi mbichi mji mzima, nikampikia machalari yenye nyama ya mfupa, nikayatia kwenye chupa ya moto, nikampelekea uwanjani.

"Mzee, nimekuletea kifungua kinywa."

"Nimeshiba, Mama Elia. Asante sana."

Na tumbo lake linanguruma, nalisikia kwa masikio yangu. Wiki nyingine nikapeleka chapati. Ameshiba. Nikapeleka chai ya tangawizi kwa ajili ya ile baridi anayoilalamikia. Ameshiba chai. Siku moja niliiacha chupa pembeni ya mto wake nikajifanya nimeitwa kwenye simu. Niliporudi nilikuta yeye na mto wake wamehamia kona ya pili, chupa imebaki peke yake kama mtoto aliyesahaulika. Nilinuna mpaka nikashindwa kumshangilia Elia.

Ningevumilia kama angekuwa hali popote. Lakini alikuwa anakula, tena kwa jirani yangu wa juu.

Mama Gloire ni Mkongo, anauza nywele za bandia, na mwanawe Gloire alikuwa beki kwenye timu moja na Elia, amemzidi Elia kama mwaka. Kila Jumapili baada ya misa Mzee alipita mlangoni kwangu, akanisalimia vizuri sana, akapanda ngazi. Baada ya muda harufu ya samaki na pondu, kisamvu chao, inashuka. Halafu sauti.

"Mama Gloire, hii pondu leo umeniweza kabisa."

"Ongeza, Papa, ongeza. Iko mingi."

Na kicheko. Uwanjani sijawahi kumsikia akicheka, lakini kule juu alicheka mpaka anakohoa. Mimi niko chini na ufagio, nafagia ukumbi niliokwisha kuufagia. Najua haipendezi mtu mzima kufanya hivyo. Nilikuwa nafagia na nasikiliza, na kila kicheko nilikihesabia Gloire. Nilijiambia huyu mwanamke ameshamnunua mzee kwa mboga ya majani. Hata drafti ilipopita bila Gloire kutajwa, Mzee aliendelea kupanda ngazi, na wivu wangu ukapanda naye.

Elia naye alinimalizia. Alikuwa mtoto wa kunieleza kila kitu, sasa kila sentensi inaanza na Kocha. Kocha anasema ulale mapema. Kocha anasema usitazame kisahani, tazama nyonga za mtu. Akaanza hata kuvaa sweta mbili. Nikimwambia neno ananiitikia, "Sawa, mama," yule mzee akimwambia neno anasimama wima. Nimemlea peke yangu kwenye mji wa watu, nimebeba marobota mpaka mgongo umekataa, halafu macho ya mwanangu yanakwenda kwa mtu ambaye hajawahi hata kumpa peremende.

Ndiyo maana siku Mzee aliponiita pembeni nikafurahi vibaya.

"Mama Elia, kijana wako akikosea, kitu cha kwanza anakutafuta wewe kwa macho. Halafu ndiyo anageuka kumfuata mtu. Wenzake wameshaenda."

"Ananitazama mimi?"

"Kila mara. Labda usije mechi kadhaa. Azoee."

Yeye alikuwa ananipa dawa, mimi nikasikia sifa. Mwanangu katikati ya vita vyote vile ananitafuta mimi, hamtafuti mzee wa kona. Mechi iliyofuata nilifika mapema kuliko wote, nikavaa gauni jekundu ili anione vizuri.

Wivu hukaa tumboni siku nyingi, halafu hutoka mahali pa ovyo. Wangu ulitokea kwenye lifti ya Tianxiu, katikati ya maboksi. Mama Gloire aliingia na mifuko yake, akanikuta, milango ikafungwa.

"Mama Elia, siku hizi hunisalimii. Nimekukosea nini?"

"Si unasalimiwa na Mzee. Inakutosha."

Akanitazama. Lifti inapanda polepole, inasimama kila ghorofa, watu wanaingiza mizigo, na yeye ananitazama tu. Tulipotoka akanivuta mkono mpaka dirishani.

"Unanionea wivu sababu anakula kwangu?"

Nikageuza uso dirishani.

"Sikia, dada yangu. Mimi nilimwalika Papa mwaka mzima. Nilibeba samaki, nilibeba fumbwa, nilibeba beignets. Nimeshiba, nimeshiba. Unajua alianza lini kula? Siku moja alibisha mlango mwenyewe, ananuka mvua, anasema nasikia harufu nzuri. Nilifurahi mimi. Nilimpa kichwa cha samaki. Bon. Drafti ikafika, hawakutaja Gloire. Nikamwuliza, Papa, ulikula kwangu ukijua? Alilia. Aliniambia akila kwa mtu kalamu inalegea, haiwezi kuandika ukweli. Kwa hiyo hali kwa mtu mpaka amemaliza kumwandika. Akishamkata, anakuja kula, sababu kusema hawezi."

Nilimwuliza kama ana hakika.

"Tazama nyumba zake zote anamokula. Tazama watoto wao wako wapi."

Nikazipita moja moja kichwani. Mganda wa ghorofa ya tano: mwanawe sasa yuko chuo. Wale Wachina wa duka la tambi, Mzee ana kiti chake kabisa pale: binti yao alikuwa mlinda mlango, aliacha. Gloire mwenyewe sasa yuko Nansha bandarini, anasimamia makontena ya watu yakipakiwa, na wala hana kinyongo. Hakukuwa na nyumba hata moja yenye mtoto aliyetajwa. Nilimwomba Mama Gloire msamaha pale dirishani, akaniambia nimbebee mifuko.

Tangu siku hiyo nikawa mwanamke anayepika ili akataliwe. Kila Jumamosi napeleka chapati uwanjani, natembea na moyo mkononi mpaka kwenye ile kona.

"Mzee, kidogo tu."

"Nimeshiba, Mama Elia."

"Hata kipande?"

"Nimeshiba kabisa."

Nilikuwa naondoka pale natamani kuruka. Chapati nawagawia wazazi wengine, nawaambia kuleni, kuleni, leo Mzee ameshiba. Walidhani nimeokoka upya. Elia akaniuliza mbona nafurahi nikikataliwa, nikamwambia aangalie miguu yake. Gauni jekundu niliendelea kulivaa. Mtu anapokuwa na furaha hakumbuki kila alichoambiwa.

Drafti ilikuwa imekaribia. Jumapili moja mvua ilikuwa inanyesha ile ya hapa, ya kumwagwa na ndoo. Tulikuwa tumetoka kanisani, nimeinjika mtori wa sisi wawili, Elia yuko chumbani kwake. Mlango ukabishwa.

"Hodi hapa."

Nilijua sauti kabla sijafungua. Alikuwa amelowa mabega, ameshika mfuko wa machungwa.

"Nilikuwa napita tu, Mama Elia. Nikasikia harufu."

Nilisimama mlangoni, sikumpisha. Miaka yote nimemtaka mtu huyu ndani ya nyumba yangu, na sasa nimeshika mlango kwa mikono miwili.

"Chakula bado, Mzee."

"Nitangoja."

"Nimepika kidogo. Ni cha watu wawili."

"Kidogo kitanitosha, mama."

"Pale juu kwa Mama Gloire wamepika samaki."

"Mama Elia," akasema taratibu, anachezea zipu ya koti.

Elia alitoka chumbani. Akamwona Mzee, akaona mfuko wa machungwa, akanitazama mimi. Nilitaka kumwambia ni mgeni tu amepita, lakini uso wake ulikuwa umeshabadilika. Kumbe vijana wote walijua. Walijua kabla yetu, na walikuwa wakiambiana kwenye chumba cha kuvalia nani ametembelewa Jumapili hiyo. Akaja akaupokea mfuko.

"Karibu, Kocha. Mama, mpe maji anawe."

Nikampa maji. Nilimmiminia mwenyewe, beseni mkono huu, jagi mkono huu, na maji mengine yakamwagika kwenye viatu vyake. Tukakaa. Mzee alikula. Sitasema uongo, alikula kwa heshima, alimaliza, na Elia akamwongezea bila kuniuliza. Mimi kijiko kilikataa kupanda.

"Ni lile la kunitazama mimi akikosea?" nikamwuliza.

"Ndizi hizi umezipata wapi, mama? Zimeiva vizuri sana."

"Mzee, nimekuuliza."

Akaweka kijiko chini. Akamtazama Elia badala yangu, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona akijilazimisha. "Wewe ni mchezaji mzuri," akamwambia. "Mzuri kweli." Basi, pumzi ikamwishia. Elia akaitikia kwa kichwa, akamsogezea pilipili.

Simu yake ikaita. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya nyama, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole, sauti ikajaa chumbani. Mwanamke, anazungumza Kichina cha huku kusini, haraka haraka na kwa adabu nyingi. Alisema yeye ni mama wa mchezaji mmoja wa Panyu, upande mwingine wa mji. Alisema ameanza kuchemsha supu ya kuku tangu asubuhi, nyumba si mbali, na mume wake anaweza kuja kumchukua Mzee kwa gari sasa hivi asipate mvua.

Mzee akatazama sahani yake iliyokuwa nusu. Akajibu kwa Kichina kizuri kuliko changu.

"Asante sana. Nimeshiba."

"Bakuli dogo tu."

"Nimeshiba kabisa. Siku nyingine."

Yule mama akasema hakuna shida, hakuna shida, mara mbili, sauti imeshuka. Nilimsikia anavyojikaza asionekane ameumia. Simu ikakatika.

"Huyo mtoto wake anacheza wapi?" Elia akauliza.

Mzee akaifutia simu mafuta. "Kushoto," akasema. "Hapo kwako."

Nikainuka, nikachukua upawa, nikamwongezea Mzee mtori mpaka ukingoni. Hatimaye alikuwa anakula kwangu. Na nilimwonea wivu yule mwanamke wa Panyu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote maishani.